Kiti cha Sita

Jumatatu, 4 Agosti

Miezi saba na wiki tatu katika nchi ya watu. Vipandio 54 kutoka mlango wa jengo hadi kwetu ghorofa ya tatu. Mialiko tuliyopata mpaka leo: sufuri.

Naandika ili iwepo kumbukumbu. Nisije nikafa huku watu wakasema nilikuwa mtu wa kujifungia ndani. Sikujifungia! Nilifungiwa. Nilianza maisha kwa kubeba mawe ya wenzangu. Leo napima majengo yao, na kampuni imenileta huku kwa ndege, mimi na mke wangu, mkataba wa miaka miwili. Cheti cha kutundika sina, ila hajazaliwa wa kunidanganya urefu wa ukuta. Na bado watu wa kwetu walioko huku wananipita kama nguzo ya taa.

Nasema Meza. Ndivyo wanavyojiita. Familia sita za kwetu, zimekaa huku hata hazikumbuki tangu lini. Kila Ijumaa wanakula kwa Mwenyekiti. Kila Agosti ofisi zikifungwa wanakwenda pamoja kwenye nyumba yao ya ziwani. Asiye wa Meza hana wa kucheza naye karata, hana wa kumjulia hali akiugua, hana wa kuongea naye lugha ya nyumbani ila mkewe. Na mke naye ana mambo yake.

Habari kubwa ya leo: kiti cha sita kiko wazi! Nimeipata kwa mwangalizi wa jengo letu, akifagia ngazi. Anasema waliopanga kwetu kabla yetu walikuwa wa Meza. Nikamuuliza wamehamia wapi. Akasema yeye hakusema wamehama. Akarudi kufagia kipandio kilekile alichokwisha kukifagia.

Tatizo la kwanza: Daktari wa Meno. Naye ni wa kwetu, tulifika mwezi mmoja, na anakikodolea macho kiti hichohicho. Ana digrii mbili na mke anayejua kuoka keki.

Tatizo la pili: nimemwahidi mke wangu kwamba tarehe 16 tunakwenda nyumbani. Mdogo wake anaolewa tarehe 23. Masanduku yamesimama sebuleni tangu Julai. Tiketi ziko kwenye droo ya vijiko. Leo kaniuliza kama nimeomba likizo. Nikasema ndiyo. Sikusema ya kwenda wapi.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi!

Kwenye stoo chini ya ngazi kuna boksi la wale wapangaji wa kabla yetu. Mwangalizi alinipa ufunguo hata kabla sijamaliza kuomba. Ndani: gauni la kijani la kike, sweta la kijani la kiume. Sweta lina namba 6 shingoni, imeshonwa kwa uzi mweupe. Nikapima mkono wa sweta: sentimita 61. Nikapima wangu: 61. Bahati gani hiyo!

Mke wa Mwenyekiti hununua mikate Jumatano, saa tano kasorobo. Nikasimama kwa muuza mikate nimevaa sweta, najifanya nachagua. Mpango: ashangae, aulize nimelitoa wapi, nami nianze kujieleza taratibu mpaka anikaribishe. Nilikuwa nimeandaa sentensi tisa.

Hakushangaa. Alinitazama kifuani, usoni hakufika. Akasema, "Ijumaa saa moja, Sita. Usichelewe tena."

Tena! Mtu ambaye hajawahi kualikwa anachelewaje tena? Halafu akauliza goti la mwenzangu linaendeleaje. Mke wangu hana historia ya goti. Nikasema linaendelea vizuri, tunashukuru. Haukuwa wakati wa kubishana kuhusu magoti.

Muuza mikate akanifungia miwili, "kama kawaida." Mimi hununua mmoja. Nikachukua miwili.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema, "Hebu nielewe. Umevaa nguo ya mtu usiyemjua, ukasimama dukani, ukaitwa kwa namba, na ukaitika?" Nikamwambia ndiyo, na Ijumaa anakwenda kula kwa watu. Akasema atakwenda mara moja tu, maana amechoka kuongea na friji.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana tumekaa Mezani!

Niandike kwa utaratibu. Kila kitu kwa Mwenyekiti ni sita sita. Misumari sita ya makoti mlangoni, kila mmoja na namba yake. Vikombe vya mabwana sita, vya mabibi sita. Wenyewe wanaitana kwa namba. Mwenyekiti ni Moja, na kadhalika mpaka Bwana Tano, aliye jirani yangu na ambaye simpendi. Anapakuliwa kabla yangu. Na anapakuliwa zaidi yangu. Nimepima kwa macho, ni robo nzima.

Nikaonyeshwa kiti changu. Ubao wake umechimbika palepale ninapokalia. Kiti cha nyumbani kwangu nimekikalia miezi saba na bado kinaniuma!

Ukutani kuna picha tisa, Agosti tisa. Watu kumi na wawili wamesimama kwenye ngazi za nyumba ya ziwani. Moja mpaka Tano ni walewale. Nimewalinganisha na nguzo ya baraza kwa kutumia kidole. Mwenyekiti wa picha ya kwanza na Mwenyekiti aliyekuwa akinimiminia chai jana hawapishani hata mvi moja. Hewa ya ziwani lazima iwe nzuri sana. Mvi zangu zote ni za mwaka huu.

Wanaobadilika ni Sita peke yao. Picha ya saba: bwana mwenye kipara na mwanamke mrefu. Ya nane: mwanamke mrefu yuleyule, bwana mwingine, mfupi. Ya tisa, ya mwaka jana: mwanamke huyohuyo, bwana mwingine tena, mwenye miwani. Sweta la kijani moja kwa wote. Nilichoelewa mimi: kiti hiki kimekosa mtu imara. Sasa amepatikana.

Mke wangu alichoelewa sijui. Alisimama mbele ya ile picha ya tisa muda mrefu. Akanong'ona, "Huyu mama mrefu ameegemea mguu mmoja. Goti linamuuma."

Kisha akaniaibisha. Alimuuliza Bibi Nne, mezani kabisa, Bwana Sita wa mwaka jana yuko wapi. Bibi Nne akaninyooshea kijiko. "Si huyo hapo?"

Wakacheka wote. Wakanyamaza wote. Papo hapo, kama redio iliyochomolewa waya. Nidhamu ya ajabu! Mafundi wangu hata kwenda kula hawawezi kwa pamoja.

Mwenyekiti akatutangazia safari: Jumamosi tarehe 16, saa mbili asubuhi. Akasema, "Meza haikai na pengo. Njooni wawili." Nikasema tutakuja. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza, na si kidogo.

Aliondoka pale anachechemea. Nilisema ni ugumu wa kiti. Leo asubuhi bado anachechemea. Anasema harudi kule hata avutwe kwa kamba, na mimi nisirudi. Anasema, "Saa tatu tumekaa nao. Hakuna aliyeniuliza naitwa nani. Hata wewe hawajakuuliza."

Nikamweleza kwamba watu wazito hawana tabia ya kuchunguza wageni. Akaingia chumbani. Mlango ulifungwa kwa nguvu ambayo mwenye nyumba asingeifurahia.

Jumatatu, 11 Agosti

Daktari wa Meno kaja ofisini kwangu. Nikajiandaa kwa vita. Akasema anajitoa, kiti hakitaki tena.

Nusura niruke. Nikamuuliza kwa upole ni kwa nini, niisikie vizuri sauti ya aliyeshindwa.

Akafunga mlango kwanza. Anasema wiki iliyopita mabwana watano wa Meza walikwenda kliniki kwake kuangaliwa meno, siku moja, mmoja baada ya mwingine. Midomo mitano, pengo moja. Jino la tatu kutoka nyuma, chini, kulia. Wote. Na si pengo la kung'olewa, anasema. Fizi imefunga laini kama ya mtoto mchanga ambaye hajaota jino. Miaka kumi na tisa anachungulia vinywa vya watu, hajaona kitu cha namna ile. Akasema, "Kaka, nakuomba. Panda ndege na shemeji yangu. Mengine achana nayo."  

Hila za mchana kweupe. Ameshindwa, sasa anataka tushindwe wawili. Watu watano kukosa jino moja ni hesabu rahisi: walikwenda kwa daktari mmoja, wakapunguziwa kwa kuwa wengi. Hata mimi ningefanya hivyo.

Nimekula mkate jioni. Jino la tatu kutoka nyuma, chini, kulia, linacheza kidogo. Mkate wa yule bwana umekuwa mgumu siku hizi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetumia kila njia kwa mke wangu.

Nilimwambia harusini watu watajaa mno, tutawabana. Akasema bibi harusi amelala mgongoni kwake mpaka alipoanza shule, hawezi kumbana. Nilimwambia hewa ya ziwani itamponya goti. Akatembea mbele yangu, sebuleni mpaka jikoni na kurudi, wima kama askari. Anasema goti lilipona Jumamosi, saa ileile alipoapa hatarudi kwenye kile kiti.

Kisha akasema, huku anakunja nguo, wala hakupandisha sauti (na hapo ndipo anaponitisha): "Mume wangu, ndege ni Jumamosi saa kumi jioni. Mimi nitakuwa ndani. Wewe amua utakaa wapi."

Hali ni ngumu. Meza wanataka wawili. Nikienda peke yangu nitaharibu hesabu yao siku ya kwanza.

Lakini mtu aliyejenga maisha yake kwa mikono hakwami kwa mwanamke anayekunja nguo. Kesho dereva wa Meza anapita kukusanya mizigo. Sanduku kubwa la mke wangu limefungwa tayari: gauni la harusi, zawadi ya mdogo wake, pasipoti kwenye mfuko wa pembeni. Kwa kukadiria, kilo 31. Sanduku likienda ziwani, mwenyewe atalifuata. Akifika ataona maji, atakunywa chai, atatulia.

Wala si wizi. Ni kuhamisha mzigo kabla ya mwenye mzigo.

Jumamosi, 16 Agosti. Ziwani

Sanduku liliondoka jana, mke wangu akiwa sokoni. Vipandio 54 nimelibeba mwenyewe. Nilikosea makadirio, ni kilo 38 ukiuuliza mgongo wangu.

Asubuhi akatazama mahali pa sanduku pakiwa patupu. Akanitazama mimi. Akasema, "Sawa." Nilijua nimeshinda! Akasema nitangulie na basi, yeye atamkabidhi mwangalizi funguo kisha atakuja na teksi. Akanishika uso kwa mikono yake miwili, akaniangalia kama mtu anayesoma kipimo asirudie kupima. Akaniita kwa jina langu. Nilishtuka. Wiki nzima nilikuwa sijalisikia.

Basi dogo, viti kumi na viwili, kimoja kitupu ubavuni mwangu. Safari ya dakika arobaini. Ukungu tangu tulipotoka mjini. Barabarani kuna vibao, lakini vimepakwa chokaa, havisomeki. Nilimuuliza Tano ziwa linaitwaje. Akasema, "Ziwani." Mtu wa namna hiyo anapakuliwa kabla yangu!

Kutoka getini hadi mlangoni: hatua 412. Chumba chetu ni cha sita. Godoro lina mabonde mawili. Moja ni la urefu wangu, mita moja na sentimita sabini na mbili, kamili.

Saa saba na nusu nikafungua sanduku nimpangie mke wangu nguo zake, ili akija ajisikie kwake. Nikakuta gauni la kijani la kwenye stoo. Matofali matatu ya saruji, sampuli zangu mwenyewe za kazini. Na karatasi.

Nainakili hapa kama ushahidi wa jinsi nilivyotendwa:

"Mume wangu. Nilijua utalichukua, nikalipakia upya Alhamisi wewe ukiwa kazini. Vitu vyangu viko kwa mke wa Daktari wa Meno. Wao ndio wananipeleka uwanjani. Pasipoti yako ninayo mkononi. Nitakuwa kaunta mpaka saa tisa na nusu. Kama ni aibu, iache hukohuko. Njoo na hilo sweta lako. Njoo tu."

Sampuli zangu! Tofali la kona lina ufa!

Nikapiga hesabu. Hatua 412, dakika tano. Gari, dakika arobaini, hamsini kwa ukungu. Hata nikipoteza nusu saa kutafuta lifti barabarani, nafika na dakika thelathini na tano mkononi. Inatosha. Nikatia karatasi mfukoni, nikashuka, nikashika kitasa cha mlango mkubwa.

Hapo nikamwona Tano. Chai ilikuwa inamiminwa, na yeye alikuwa anakikaribia kiti cha dirishani. Kiti chenye namba 6! Ningefanyaje, nimwachie? Nikarudi nikakaa, kidogo tu, kumwonyesha mpaka. Nikanywa kikombe kimoja. Kimoja!

Nilipotazama saa ilikuwa saa kumi na mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Niliandaa radhi yangu kwa Mwenyekiti: mke kapata dharura ya kifamilia, na kadhalika. Sentensi saba. Akaniwekea mkono begani. "Si neno, Sita. Mwenzio yuko juu anavaa."

Wakati wa chakula cha mchana tukamsikia kwenye ngazi. Hatua nzito, hatua nyepesi. Nzito, nyepesi. Mwanamke mrefu. Amevaa gauni la kijani, lile nililoliacha ndani ya sanduku, sanduku likiwa ndani ya chumba, ufunguo wa chumba ukiwa mfukoni mwangu.

Wote wakasema, "Karibu, Bibi Sita." Kwa pamoja, bila shaka.

Akakaa ubavuni mwangu. Akatia sukari kwenye chai yangu: vijiko viwili na nusu, ile nusu akaisawazisha kwa kidole. Huo ni ujuzi wa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo jana alikuwa kaunta ya uwanja wa ndege. Akasema, "Jana ulilala upande wangu."

Nilitaka kupinga. Niseme wazi, nilifungua mdomo. Lakini nikahesabu meza: kumi na wawili. Sahani kumi na mbili, viti vyote vimejaa, kila mtu ananitazama kwa furaha. Siku ya kwanza si siku ya kuanzisha fujo.

Nikamuuliza Bibi Sita chinichini: yule bwana wa miwani, wa picha ya mwaka jana, alikwenda wapi? Akawaza sana, kama mtu aliyeulizwa mwavuli wake ulipotelea wapi. Kisha akatabasamu. "Si uliacha mwenyewe kuvaa miwani?"

Sijawahi kuvaa miwani maishani. Ila sikutaka kumkatisha, anaonekana ni mtu mwenye heshima zake.

Jumanne, 19 Agosti

Leo picha. Mwenyekiti anaitegesha kamera juu ya miguu yake mitatu, kisha anakuja kusimama nasi. Akatuonya tusipepese macho. Tukasimama. Kivuli cha nguzo kilikuwa kwenye kipandio cha pili tulipoanza; picha ilipopigwa kilikuwa kimesogea sentimita 70. Hiyo kwa uzoefu wangu wa kazi za juani ni kama saa tatu. Sikuchoka hata kidogo. Sikupepesa pia. Sijui kama nilipumua, ila picha haionyeshi hayo.

Mke wangu amepiga simu. Wa nyumbani, nasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele tupu: shangazi zake wakigombania sufuria kubwa, watoto wakilia, mtu akiuliza nani kakalia kofia ya mzee. Hapa ni kimya mno. Kelele zile ziliniumiza sikio, halafu nikajikuta nimelibana sikio kwenye simu nisikie zaidi.

Hakunigombeza. Aliuliza niko wapi hasa, maana Daktari wa Meno yuko tayari kuja kunichukua hata leo. Nikamwambia ziwani. Ziwa gani? Hapo nikakwama. Nikasema ngoja nikupimie. Nikatoka na simu sikioni nimhesabie hatua kutoka mlangoni mpaka getini, zile 412, na kutoka getini aelekezwe.

Nikafika 412. Geti hakuna. Nikafika 600. Ukungu tu, na nyumba bado iko nyuma yangu karibu kabisa, naona hata vitasa. Kipimo changu hakijawahi kukosea. Bila shaka wamehamisha geti.

Akasema, "Basi, taja jina lako. Nataka kulisikia tu."

Swali gani hilo! Nikamwambia mimi ni mume wake. Akasema anajua, nilitaje. Akangoja. Nilikuwa nalo mdomoni, kabisa, kama neno la mtu aliyetoka chumbani sasa hivi. Ili asisubiri sana nikasema, "Sita."

 Nikasikia analia.

Wanawake na harusi!

Jumapili, 24 Agosti

Picha ya kumi imetundikwa sebuleni. Nimetoka vizuri! Mkono wa Bibi Sita uko begani kwangu. Nikiitazama sura yangu kwa mbali nafanana kidogo na Tano, jambo ambalo nimeliwasilisha kwa Mwenyekiti kama malalamiko.

Jino limetoka wakati wa kifungua kinywa. Halikuuma, halikutoa damu. Mke wa Mwenyekiti alininyooshea kisahani kabla halijadondoka. Huduma ya hali ya juu.

Mayai: Tano mawili, mimi moja. Kila siku! Nimeandika.

Harusi ilikuwa jana. Mke wangu ametuma ujumbe. Kiti cha jina langu kiliachwa wazi meza ya mbele sherehe nzima, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Hakubaki kwa sherehe za leo. Amerudi huku kwa ndege ya alfajiri kwa ajili yangu. Yeye na Daktari wa Meno wanazunguka barabara zote za nje ya mji na gari. Watapiga honi mara tatu ndefu kila baada ya dakika kumi. Anasema nisihesabu kitu, nisipime kitu, niifuate sauti tu.

Nimeisikia saa nne na robo. Mara tatu, ndefu, si mbali. Nikasimama. Lakini tulikuwa katikati ya karata na kwa mara ya kwanza nilikuwa namshinda Tano. Nikakaa nimalize mchezo ule.

Jumapili, 24 Agosti

Tano mawili, mimi moja. Sasa yatosha.

Nimekula njama mpya, na hii haina kasoro. Nitakuwa Tano! Meza haikai na pengo, sivyo? Basi nitampa pengo. Kila siku nitapunguza mguu mmoja wa kiti chake milimita nne. Kitayumba, yeye atayumba, wataona hafai, nami nitasogea kiti kimoja juu. Kisha Nne. Nimepiga hesabu mpaka Mwenyekiti.

Jana nilikata milimita nne za kwanza. Leo nimepima: mguu mzima, haujapungua hata unywele. Mbao za hapa ni nzuri sana. Nimekata tena.

Saa nne na robo honi imelia. Mara tatu, ndefu. Ilisikika mbali kidogo kuliko jana. Mke wangu ni mvumilivu, nitamsifu nikimwona. Bibi Sita aliniuliza ni nini kile. Nikamwambia ni watu wananitafuta. Akanisawazishia sukari.

Nitakwenda. Sijasema siendi! Namalizana kwanza na hili suala la mayai, kisha Agosti ikiisha nachukua sweta langu na kuondoka. Leo ni tarehe 24. Zimebaki siku saba.

Jana pia zilikuwa saba. Muda upo wa kutosha kabisa.